Mlango wa Pili

Mkoa wa Dnipro, 9 Machi 2025

Kwa binti yangu Uliana,

Hujambo mwanangu? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya bahari huko Gdynia? Mimi ni mzima. Magoti tu hugoma asubuhi, na magoti ya miaka hamsini na tisa yana haki ya kugoma.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa simu hazitakiwi hapa. Droni huzifuata kama nzi na kidonda. Barua hii ataileta yule dereva anayetuletea misaada kutoka huko uliko, Poland.

Jeshi limenipa kazi ninayoijua. Miaka thelathini nimechimba makaa, sasa nachimba mahandaki, na wenzangu wananiita Fuko, yule mnyama aishiye chini ya udongo. Tingatinga likisogea huku litaonekana, kwa hiyo tunachimba kwa koleo, siku za ukungu. Handaki halinyooki, kila hatua saba tunalipinda, bomu likiangukia upande mmoja lisiwamalize wa upande wa pili. Chumba cha kujificha kinakwenda mita tatu chini. Juu yake tunalaza magogo ya msonobari, nailoni, udongo, halafu magogo tena na udongo tena. Udongo unaobaki tunaubeba mbali, maana udongo mbichi juu ya majani unaonekana toka angani na unaita mizinga.

Nimegombana na luteni wetu, Tymur. Kabla ya vita alikuwa akiuza vigae vya bafu. Ameniambia, "Fuko, mlango wa pili wa nini? Hapa hoteli? Siku mbili za kazi na magogo arobaini!" Nikamjibu, "Mgodini kwetu, shimo la mlango mmoja huitwa kaburi." Magogo akatoa.

Najua unawaza nini ukisoma hapa. Silazimishi unijibu.

Baba yako,
Makar


Mkoa wa Dnipro, 20 Aprili 2025

Mwanangu Uliana,

Heri ya Pasaka. U mzima? Huku tumekula mkate wa sikukuu na mayai yaliyopakwa rangi ya maganda ya vitunguu. Luteni aligonganisha yai lake na langu, lake likapasuka, akanuna kama mtoto.

Tumeletewa nyavu kuukuu za wavuvi. Tunazitandaza juu ya njia na juu ya milango ya mahandaki, droni inase humo kabla haijatufikia. Bado zina magamba ya samaki. Kwenye wavu mmoja pana kibandiko kimeandikwa Gdynia. Nilikishika muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

Sina jingine. Nimekukumbuka tu.

Baba yako


Gdynia, 18 Mei 2025

Baba,

Mimi mzima, na wewe nakuombea uzima. Ndiyo, nyavu hizo huenda zimepita mikononi mwangu. Kila Jumamosi tunashona matundu yake kwenye ukumbi ulio karibu na bandari. Wenzangu huimba. Mimi hushona.

Barua zako zote mbili zimefika. Nakuomba kitu kimoja: usiniandikie habari za mlango wa pili. Wageni unawachimbia milango miwili. Ghala letu la chini, la viazi na matango ya chumvi, lilikuwa na mmoja. Nyumba ilipopigwa bomu ikauangukia mlango ule, Machi ile ya 2022, wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji, na Mama alikuwa ndani. Mlimfikia siku ya pili, amekwisha kufa. Wewe, mchimba mgodi! Mtaa mzima ulikuwa ukija kukuomba ushauri, na mkeo umemwekea mlango mmoja.

Nimejaribu kulimeza jambo hili miaka mitatu. Halishuki.

Uliana


Mkoa wa Dnipro, 29 Agosti 2025

Mwanangu Uliana,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo. Ulinikataza, nami nimekaa miezi mitatu nimeitii kauli yako. Leo naivunja mara moja tu, kisha nitanyamaza.

Jumanne bomu zito liliangukia mdomo wa kile chumba nilichokuambia mwezi Machi. Mlango wa mbele ulizibwa na kifusi kirefu kuliko mtu. Ndani walikuwemo sita, na luteni wangu muuza vigae miongoni mwao. Mimi nilikuwa nje, nakata magogo msituni. Safari hii pia nilikuwa nje.

Nilikimbia na koleo. Nilipofika niliwakuta wote sita wamekaa nyasini upande wa mlango wa pili, weupe kwa vumbi, wanakohoa. Tymur akaniambia, "Fuko, hoteli yako ni nzuri, ila mhudumu hayupo." Wenzangu wakacheka. Mimi nikaenda nyuma ya magogo nikalia kwa sauti, na hakuna aliyenifuata.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimekosa tu mtu mwingine wa kumwambia.

Baba yako


Gdynia, 14 Septemba 2025

Baba,

Hujambo? Na magoti je? Mimi nina mafua tu.

Barua yako niliisomea kazini, nikajifungia chooni mpaka msimamizi akagonga mlango. Hasira yangu ipo, sitakudanganya. Lakini naishi peke yangu, jioni napika sufuria nzima ya borshchi, ile supu yetu nyekundu, na nusu yake inachacha, na usiku wa juzi niligundua kwamba wiki nzima sijatamka lugha yetu.

Tarehe nane Novemba unatimiza miaka sitini. Jeshi linakuachia, na mpakani, wanakozuiwa wanaume wasiofika umri huo, utapita. Njoo. Tutagombana tukiwa mezani, ni bora kuliko huku kugombana kupitia dereva.

Binti yako,
Uliana


Mkoa wa Dnipro, 1 Oktoba 2025

Binti yangu,

U mzima? Mimi tangu nipokee barua yako natembea kama niliyebadilishiwa magoti. Nitakuja. Nimekwisha kumwambia Tymur, naye amesema nikuletee salamu, na kwamba bafu lako likihitaji vigae atakupunguzia bei.

Borshchi usiitupe. Borshchi ya siku ya tatu ndiyo borshchi.

Baba yako anayekuja


Gdynia, 19 Oktoba 2025

Baba yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Jumamosi aliingia ukumbini mama mmoja mwenye fimbo, kumbe Bi Klavdia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Tulikumbatiana, tukalia. Halafu akaniambia jambo akidhani ninalijua. Kwamba vuli ile kabla ya vita ulikuwa umeanza kuchimba njia ya pili kutoka ghalani kwenda kwenye mcheri, ule mti wetu wa matunda uani. Kwamba ulikuwa umefika mita nne na zilibaki mbili tu. Na kwamba uliacha, kwa sababu nilipiga simu kusema nitakuja Mwaka Mpya na mchumba wangu, Mama akataka chumba changu kipigwe lipu na madirisha yabadilishwe.

Nami sikuja. Nilikwenda milimani na yule mtu.

Baba, ni kweli?

Uliana


Mkoa wa Dnipro, 4 Novemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Bi Klavdia ni mtu mwema, ila umri umemchezea kumbukumbu. Nilichimba kidogo, kweli. Niliacha kwa uvivu wangu. Ilikuwa Oktoba, ardhi imeganda, mgongo unauma, nikasema nitamaliza masika. Lipu ilikuja baadaye na haihusiani na lolote. Kosa ni langu peke yangu. Usiligawe.

Jingine: nimetia sahihi mkataba wa mwaka mmoja zaidi jeshini. Sheria sasa inaturuhusu na sisi wazee. Wamekuja watu wapya, na ukiwaachia watachimba mlango mmoja. Usinisubiri kituoni.

Kula vizuri. Funika kifua.

Baba yako


Gdynia, 7 Desemba 2025

Baba yangu,

Nakusalimu, na safari hii nakusalimu kwa mikono miwili.

Barua yako sikuweza kuijibu mwezi mzima. Tarehe nane Novemba nilikwenda kituoni hata hivyo. Mabasi matatu yalifika kutoka mpakani, nikatazama kila aliyeshuka, kisha nikarudi nyumbani.

Baba, wewe ni fundi wa vitu vingi, lakini uongo huuwezi. Oktoba kwetu ardhi haigandi. Wewe ndiye uliyenifundisha, tukivuna viazi vya mwisho mwezi huohuo, mimi na ndoo yangu nyekundu. Umebeba miaka mitatu ya matusi yangu ili nisije nikajua. Na sasa umetia sahihi kwa sababu unaogopa kukaa mezani nikuulize tena ukinitazama usoni.

Sitauliza. Nimeshajua, na nimelia, na bado naamka asubuhi nakwenda kazini. Siwezi kukuachia kosa hili ulibebe peke yako.

Nimehama. Nimepanga ghorofa ya chini, nyumba ndogo, baridi inapita sakafuni. Niliichagua kwa sababu ina milango miwili. Wa mbele natumia mimi. Wa nyuma unatazama njia ya kituoni, na huo siufungi kwa ufunguo.

Binti yako,
Uliana