Rejeta ya Lori

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia, pamoja na nguruwe wake. Mimi ni mzima, ila mgongo. Tangu nije huku mjini Novi Sad nimekuwa punda wa maabara: nabeba madumu, nadeki, nasuuza vioo vya wasomi.

Na wasomi gani, baba! Asidi safi ya kupimia madini imewashinda bei dukani, basi wamejitengenezea mtambo wa kuikeneka, yaani kuifanya mvuke na kuipoza itone ikiwa safi. Ungeuona ungecheka mpaka utokwe machozi. Chupa mbili za plastiki nzito zimeunganishwa mdomo kwa mdomo; moja inapashwa moto na taa, nyingine imelala kwenye maji baridi. Hakichemki kitu. Unatoa tone, unasinzia, unatoa tone. Fundi wao, Ognjen, anaukodolea macho kama anangoja ng'ombe azae. Nikamwambia kwetu kidude hicho tungewanyweshea kuku. Akanijibu nishike ufagio wangu, mjomba, uchafu wa asidi hauonekani kwa macho ya mlevi.

Liliniuma. Sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu ilipofika, nikawapelekea chupa ya rakija yako, gongo letu la plamu, waone mtambo wa wanaume unatoa nini. Nikalisifia pipa lako la kupikia, na jinsi ulivyong'oa rejeta ya lori bovu ili ipoze mvuke. Daktari Desanka, mkubwa wao, akaweka glasi chini bila kuonja. Akauliza nani anainywa. Nikasema baba yangu, kila asubuhi kabla ya kahawa. Akauliza kama mikono yako inatetemeka.

Baba, sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mikono yako.

Wakaipima rakija kwa asidi yao ile ya matone. Nikawaambia hawajui kazi, wakarudia, jibu likawa lile lile. Imejaa madini ya risasi, yale yaliyounga mabomba ya rejeta. Si uzee unaokutetemesha, wala si maji ya kisima ulichokifukia bure ukidhani ndiyo yanayokudhuru.

Bado nawaona wapumbavu wenye majivuno. Lakini wao hawajamnywesha mtu sumu, na sisi tumeimimina harusini, tukaimba.

Ing'oe rejeta kabla plamu hazijaiva. Bomba la shaba nitalileta mwenyewe. Mwende kwa daktari, wewe na mama, na majirani muwaambie ukweli, hata wakiwacheka.

Wasalimie wote. Ukiona maandishi yangu yamepinda, usidhani ni uchovu. Zile chupa ulizonifungashia nilizimaliza zote.

Mwanao,
Vukosav