Nyumba Uliyomwandalia Paka Wako

Mwanangu Kabula,

Leo wanaume wamekuja kupima pamba. Nimeona bora nikae huku nyuma ya nyumba nikuandikie, kuliko kusimama mlangoni nikiangalia magunia yakitoka. Msimu uliopita wewe ndiye uliyesimama pale, mikono kiunoni, ukiwazuia watu wazima wasianze kushindilia pamba mpaka kwanza umtafute paka wako humo ndani.

Unakumbuka alivyokuja? Shangazi yako wa Malampaka alimleta kwenye kikapu cha viazi. Alikuwa mdogo, macho yamejaa tongotongo, lakini sauti yake ilijaza nyumba nzima. Panya walikuwa wametushinda. Tangu biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa pamba walikuja kila mmoja na mzani wake na bei yake, na baba yako akajifunza kusubiri. Pamba ikalala ndani kwetu, panya nao wakahamia. Jina ulilitoa redioni, walikokuwa wakisema soko huria asubuhi na jioni. "Anaitwa Huria," ulitangaza, na baba yako akacheka mpaka akakaa chini.

Bibi yako hakucheka. "Paka haletwi kwenye nyumba ya watu," alisema. "Anaona mambo tusiyoyaona sisi. Mrudisheni alikotoka."

Ulimpigia magoti kama nilivyokufundisha. "Bibi, huyu ni mtoto tu. Hajaona kitu bado."

Bibi aligeuka akaenda zake. Wewe ukalala kifudifudi sakafuni, ukaanza kujikokota chumba hadi chumba, gauni lote vumbi. Nilipokuuliza unafanya nini, ulisema, "Nataka kuona anavyoona yeye." Na kweli huko chini uliyaona mengi. Uliona tundu nyuma ya mtungi linalotokea kwa mbwa wa jirani. Uliona sindano ya kushonea magunia imeanguka pamoja na uzi wake. Uliona chupa ya dawa ya pamba baba yako aliyoiegemeza ukutani, kifuniko kimelegea. Tundu ukaliziba kwa mawe na tope. Dawa na bomba la kupulizia mkavipandisha juu ya boriti, wewe ukiwa mabegani kwa baba yako. Ndoo za maji ukazifunika zote, kwa sinia, kwa sufuria, hata kwa ungo wangu mpya.

"Mama, akitumbukia hawezi kutoka. Ndoo inateleza kwa ndani."

Kazi ilikuwa kwenye sumu. Siku ya mnada alikuja mchuuzi na kipaza sauti akiuza sumu ya panya, na baba yako akarudi na pakiti. Ulimpokea kwa furaha, kisha ukaona alichoshika.

"Baba, panya akila hiyo, halafu Huria akamla panya?"

Baba yako aliigeuzageuza ile pakiti mkononi. "Sasa tufanyeje? Paka wako bado mdogo, na magunia yanaisha."

"Tusubiri akue. Si hata wewe unasubiri bei?"

Nilidhani atakukaripia. Alichukua jembe, akachimba shimo refu nyuma ya choo, akaifukia ile pakiti na kukanyaga udongo vizuri, huku wewe ukimsimamia. Kesho yake ulikwenda kwa jirani yetu Mama Ng'washi ukamwomba, akitaka kutega sumu akuambie kwanza, ili umfungie Huria ndani. Aliniambia alishindwa kukukatalia. Alitafuta mtego wa waya.

Mvua zilipoanza, ukashikwa na homa.

Tulikupeleka hospitali kwa baiskeli. Baba yako aliisukuma kwenye tope, mimi nikitembea pembeni nimekushika usianguke. Walisema malaria imepanda kichwani. Asubuhi moja ulizinduka, ukaomba maji, ukanywa kidogo tu. Kisha ukaniangalia vizuri kabisa, kama mtoto aliyepona.

"Mama, ndoo nani anafunika?"

"Bibi," nikakujibu. Sikuwa na habari zozote za nyumbani. Nilitaka utulie tu.

Ulitabasamu kama mtu anayejua anadanganywa. Kabla ya mchana ulikuwa umekwenda.

Kuna jambo hukuliona, nami nataka ulijue. Tulipokurudisha, uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wanapika, maji yamechotwa, ndoo zimetapakaa kila mahali. Nilikuwa nimekaa chini, macho makavu. Nikamwona bibi yako anazunguka katikati ya waombolezaji na fimbo yake, anafunika ndoo moja, anakwenda kwenye nyingine. Mwanamke mmoja alichota maji akaacha wazi. Bibi akamgonga mguuni kwa fimbo. "Funika! Mtoto wa Kabula atatumbukia."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Sijui kama nimewahi kunyamaza tangu siku ile, hata nikiwa sitoi machozi.

Huria ni paka mkubwa sasa. Panya hakuna. Baba yako amepanda pamba, amepalilia, amevuna, na leo amemuuzia mnunuzi wa kwanza aliyesimamisha gari, bila hata kuuliza bei ya wengine. Mimi nikifagia huwa nasimama katikati ya chumba na ufagio mkononi. Wewe ulitafuta kila kitu kinachoweza kumuua mtoto mdogo ndani ya nyumba hii, ukakiondoa kwa mikono yako. Na mbu akapita juu ya vichwa vyetu sote.

Tangu mazishi, watu wananiita Mama Minza, kwa jina la mdogo wako. Hakuna aliyewaagiza. Wananihurumia, wanaogopa kunitonesha. Hata baba yako hujikwaa, huanza "Mama Ka..." kisha hukohoa.

Juzi nilikwenda sokoni na Mama Ng'washi. Yule mwanamke wa Lamadi anayeuza dagaa alikuwa amerudi. Alijifungua, akakaa kwao msimu mzima, hakuwa na habari. Aliponiona tu akapaza sauti juu ya watu wote, akinisalimu Kisukuma kama mama yake: "Mama Kabula! Mwadila, mayu! Mbona umenitupa?"

Mama Ng'washi akamkonyeza anyamaze. Wauzaji wa karibu wakainamisha macho. Mimi nilisimama pale na kikapu changu, na moyo ukaenda mbio kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Mwadila," nikamwitikia.

"Kabula hajambo?"

"Kabula alifariki, dada. Mvua zilizopita."

Kopo la kupimia likamtoka mkononi, dagaa zikamwagika. Akanishika mikono yote miwili. "Nisamehe. Uwii, nisamehe, mayu. Sitakuita tena hivyo."

"Niite," nikamwambia. "Niite hivyohivyo, na kwa sauti ileile."

Akaniita tena, taratibu, akilia. Nikaitika.

Pumzika huko uliko, mwanangu, ng'wana wane.

Ni mimi,
Mama Kabula