Jina la Babu Yako Kwenye Simu

Samuye

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako ya kutoka Chato imenifikia. Hapa mahindi yamekaukia shambani, lakini mama yako hajambo.

Unauliza kwa nini natumia bado laini ya babu yako, na yeye tumeshamzika. Nikiwa msichana, duara, shimo la dhahabu, liliporomoka kule Mwakitolyo, baba yangu akabaki chini. Kila jioni msimamizi aliita majina ya wachimbaji, na mama alimsihi asiliruke la baba. Aliliita, hakuna aliyeitika, nasi tukaenda kupika. Siku alipoliruka, ndipo mama alipoangua kilio.

Juzi nililipia dawa ya ng'ombe kwa simu. Muuzaji akasoma, "Imeingia, kutoka kwa Masanja Jilala." Nikasema, "Ndiyo, ni yeye."

Sasa wakala anasema laini ya marehemu lazima ifungwe. Sikubishana naye. Jumatatu nitakwenda kuweka kidole, nisajiliwe yangu. Kabla ya hapo nitakutumia hela ya sabuni. Ujumbe ukiingia, usiufute haraka. Lisome jina lake kwa sauti, hata kama uko peke yako.

Ni mimi bibi yako,
mke wa Masanja