Mume Wangu Anatusubiri Kama Anavyosubiri Simba

Mshauri wangu, pokea salamu zangu, na tafadhali usinicheke ukifika katikati ya barua, maana dada yangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia wenzangu wanalizwa na wanawake, mimi nalizwa na wanyama, na mimi nikacheka naye, lakini nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni nikalia kweli, kwa hiyo nimeona bora nikuandikie wewe usiyenijua, unisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa hapa sebuleni kwangu, nina watoto watatu na mume ambaye kazi yake ni kupiga picha za simba. Sio utani. Zamani alikuwa na studio ya picha za vitambulisho na harusi mtaa wa pili kutoka kwetu, na huko ndiko tulikojuana, nilikwenda kupiga picha ya kitambulisho akaniambia inua kidevu kidogo, nikainua vibaya, akaja mwenyewe akakiinua kwa vidole viwili, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Baadaye simu za mkononi zikaiua studio, kila mtu akawa mpiga picha, tukahangaika mpaka tukachoka, ndipo kambi moja ya wageni kule kwenye hifadhi ya wanyama ikamchukua awe anapiga picha za simba kwa ajili ya matangazo yao. Hifadhi yenyewe iko mbali, ni safari ya kutwa. Anakwenda majani yakikauka, kwa sababu hapo ndipo simba wanaonekana, na anarudi mvua zikinyesha na majani yakirefuka. Huu ni mwaka wa tano, hela analeta, kwenye hilo sina neno.

Tatizo langu ni kwamba akirudi, harudi.

Watu wanadhani ninamkumbuka sana akiwa kule. Akiwa kule naweza kuvumilia, nashona, nahangaika na watoto, nikisikia upweke najua sababu yake. Hamu inanizidi akiwa hapa. Anakaa kwenye kile kiti cha mbao karibu na mlango, kochi hataki, anaweka mikono magotini na kututazama, hasogei, hasemi, mtu mzima amekaa kwake kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji yuko njiani. Kitindamimba wetu alikuwa bado ananyonya wakati baba yake alipoanza kazi hii, kwa hiyo hamjui vizuri, anajificha nyuma ya pazia la chumbani na kumchungulia, na baba yake anajua kabisa kwamba anachunguliwa, lakini badala ya kumwita anageuza uso na kutazama ukuta. Nikamuuliza, "Baba watoto, mbona humwiti mtoto?" Akanijibu polepole, "Nikimwita atakimbia. Mwache anizoee, atakuja mwenyewe." Mshauri, mtoto hakwenda. Alinifuata jikoni nikiwa naosha vyombo, akaniuliza, "Mama, kwa nini baba akiniona anaangalia kwingine? Hanipendi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu kazi yake ameshanieleza mara nyingi. Anasema simba ukitaka akukubali, usimfuate. Unasimamisha gari mbali, unazima injini, unakaa humo humo na kutulia, maana simba amelizoea gari lakini mtu akisimama mle ndani anamshtua, humkazii macho, huiti, hupigi hata mluzi, unangoja tu mpaka yeye mwenyewe aamue kupita karibu nawe. Kuna simba jike mmoja mwenye sikio lililochanika, huyo alimngoja msimu mzima, wenzake kambini wakamwona mwendawazimu, mpaka siku moja akaja mwenyewe akajilaza kwenye kivuli cha gari lao. Aliponisimulia habari hiyo uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa habari kwamba mkewe amejifungua salama. Sasa ile kazi ameileta nyumbani, anatungoja sisi. Hata kitandani analala ukingoni kabisa, nikimuuliza anasema mimi nimeshazoea kulala peke yangu, na yeye hataki kunisumbua. Nisumbue basi, nasema moyoni, mdomo haufunguki.

Majirani wananitania, "Mke mwenzio hajambo?" Nami nawajibu hajambo, yeye anakula nyama, mimi nakula mboga. Tunacheka wote. Lakini Mshauri, angekuwa mke mwenza wa kweli ningejua pa kuanzia, ningemfuata mlangoni kwake tukamalizana. Simba nitamwambia nini?

Wiki iliyopita aliniita nione picha kwenye kompyuta. Nikaacha kushona, nikasimama nyuma yake na kipande cha kaptula mkononi. Zilikuwa picha za simba wanaosalimiana, mmoja ametoka mawindoni, anapitisha kichwa chake kwenye shingo ya mwenzake, macho wamefumba. "Angalia hapa," akasema. "Kila anayerudi lazima awapitie wenzake hivi, hata kama hakwenda mbali. Wasiposugua vichwa namna hii unawaona hawajatulia." Mshauri, alisema kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu enzi za studio. Na yeye mwenyewe siku aliyorudi aliingia akasema "Habari za hapa," akatua begi, akaenda kufuta vumbi kwenye lenzi. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi sijatulia. Badala yake nikamwambia picha nzuri, nikarudi kwenye cherehani, nikaushona mguu wa kaptula kinyume, nikaanza kufumua upya huku machozi yananidondoka kwenye kitambaa cha watu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Kambi wanampa mkataba mwingine wa miaka miwili, na safari hii wanataka akae huko mwaka mzima, kiangazi na masika, wanasema majike wanaficha watoto wao wachanga kwenye vichaka na wao wanataka mtu wa kuwepo siku watakapowatoa na kuwaleta kwa wenzao. Anatakiwa kutoa jibu mwisho wa mwezi huu. Juzi tukiwa mezani, watoto wameshaondoka, akaniuliza huku anatazama kikombe cha chai, "Unaonaje?" Moyo wangu ulisema baki. Mdomo wangu ukasema, "Kazi ni yako, amua mwenyewe." Akasema, "Haya." Akainuka na kwenda kusuuza kikombe.

Mama mkwe anasema mwanamume hazuiwi kwenda kutafuta. Dada yangu anasema mwache aende akaoe huko huko kichakani. Mimi simtaki mwingine, namtaka huyu huyu, namtaka mpaka nikisikia anakohoa chumba cha pili mkono unasimama kwenye kitambaa. Je, nimwombe abaki? Na nikimwomba akakataa, nitaiweka wapi sura yangu? Au ninyamaze, nisionekane mwanamke wa kumganda mtu na kumharibia riziki? Nijibu mapema, mwezi unakwisha.

Ni mimi,
Mke Mwenza wa Simba

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole. Sikukucheka. Pale kwenye mboga nilicheka, hapo unisamehe, ni wewe uliyeyataka.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira, kwa hiyo nitakupa vyote. Huruma kwanza. Wapo watakaokuambia ushukuru, mume halewi, hapigi, hela analeta, hana mwanamke wa nje, unataka nini tena? Usiwasikilize. Kumtamani mtu aliyekaa mbele yako ni njaa kama njaa nyingine, na mwenye njaa haambiwi ashukuru kwa kuwa sufuria ipo.

Sasa hasira. Unalalamika kwamba mumeo anakaa kwenye kiti anasubiri asogelewe. Na wewe ulikuwa wapi? Kwenye cherehani, unasubiri asogee. Na mtoto yuko nyuma ya pazia, anasubiri aitwe. Nyumba nzima mmekaa mnangojana. Mtoto namsamehe, ni mtoto. Wewe mtu amekuuliza kabisa, kwa mdomo wake, unaonaje. Hivi ulidhani anauliza habari ya mkataba? Mwanamume aliyekwisha kuamua kuondoka hamuulizi mtu, anatafuta begi lake lilipo. Huyu alikuwa anaomba sababu ya kubaki, na ulikuwa nayo, umeniandikia mimi karatasi mbele na nyuma, yeye ukampa sentensi moja, tena ya uongo. Mficha uchi hazai, dada.

Unaogopa kukataliwa. Ni kweli anaweza kukataa, sitakudanganya, na ikitokea itauma. Lakini hapo utakuwa umekataliwa kwa neno ulilolisema. Ukilimeza, ataondoka akiamini wewe ndiye uliyemruhusu, na huko aliko atakuwa anajiambia kila siku kwamba mnaishi vizuri bila yeye. Hivyo ndivyo watu wawili wanaopendana wanavyozeeka mbalimbali bila hata kugombana.

Fanya hivi. Anza na mtoto, leo, usingoje kesho. Mweleze kwamba baba yake anaangalia ukutani kwa sababu anaogopa kumtisha, si kwamba hampendi. Kisha mwambie baba, mbele ya mtoto, amwite kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika. Akikimbia, amwite tena, na ikibidi amfuate. Mtoto wa binadamu anapenda kufuatwa, hata akikimbia anageuka nyuma kuona kama unakuja.

Halafu mkataba. Usimwambie watoto wanakuhitaji, usimwambie mama yako anazeeka, usijifiche nyuma ya mtu. Mwambie ni wewe unayemtaka. Hicho ulichoniandikia, cha mkono kusimama kwenye kitambaa akikohoa, mwambie hivyo hivyo, na usikipambe. Akisema mjini hakuna kazi ya kamera, msikilize, maana studio ilikufa kweli na nyinyi mnakula. Basi awaombe kambi wamwachie msimu wa kiangazi peke yake kama zamani, hao watoto wa simba wawatafutie mtu mwingine wa kuwapiga picha. Na shule zikifungwa, chukua wanao mwende huko mkakae naye hata siku chache. Watoto wamwone baba yao kwenye kazi anayoiweza. Nawe ukamwone huyo mwenye sikio lililochanika, uone alivyo mnyama tu, anayesinzia kutwa na kusumbuliwa na nzi. Mama mkwe msalimie kwa heshima, dada yako mpe chai, lakini hili msilijadili nao tena.

Na wewe bwana mpiga picha, utakapolikuta gazeti hili mezani, ujue halikusahauliwa hapo. Uvumilivu wako ni kipaji na umewalisha watu wanne, nakupa heshima yako. Lakini hao wa ndani si wa kungojwa mpaka wakuzoee. Wamezoea kutokuwepo kwako, ndiyo maana wanaumwa. Mkeo hukumpata kwa kuzima injini na kukaa mbali, uliinuka ukamwendea. Inuka tena. Utakapofika safari ijayo, begi litue popote, lenzi iache na vumbi lake, upite kwanza kwa mkeo, kisha kwa watoto, mmoja mmoja, mpaka kila mtu atulie.

Dada, nimemaliza. Mwisho wa mwezi haujafika, na mumeo bado yuko hapo ndani. Usipange maneno, usingoje mpaka umalize sare za watu. Lifunge gazeti hili sasa hivi, nenda chumba cha pili, umwambie abaki.