Meza ya Lavonne Haiuzwi

S.L.P. 214,
Darby, Montana.
Ijumaa, 23 Oktoba 2015.

Mpendwa shemeji Ardis,

Habari za huko New Zealand, ambako baridi inawaaga wakati sisi inatubishia hodi? Natumaini goti lako limepona na kondoo wa mumeo wamezaa salama. Mimi sijambo. Nakula, nalala, najifulia. Kikohozi cha Septemba kimekwisha. Picha zako zilifika, na ile ya utoto wenu, wewe na Lavonne mmepanda farasi mmoja, nimeibandika kwenye friji. Naiona kila nikitafuta maziwa.

Ni miezi saba sasa tangu tumzike dada yako Lavonne. Mambo mengi nimeyazoea, ila sijazoea upande wake wa kitanda kukaa nadhifu hivi.

Umeuliza kama ni kweli nimegombana na mwanangu Trent. Ni kweli, na siombi radhi. Nitakueleza yote, maana najua yeye ameshakupigia simu akakueleza ya kwake.

Unaikumbuka meza ya dada yako katika chumba cha chini ya nyumba, alikokuwa akijaza upya maganda ya risasi zake za kuwindia. Basi mwezi Agosti mwanangu alikuja kutoka Boise na gari la mizigo na kamba, hata bila kupiga simu.

"Baba, vitu vya mama nimevipatia mnunuzi. Bunduki, mashine, kila kitu."

"Haviuzwi."

"Wewe hujatengeneza hata risasi moja maishani. Utajilipua humu ndani, nije nikuzoe kwa koleo."

"Mama yako alizitengeneza miaka thelathini, na tulimzika na vidole vyake vyote kumi."

"Mama alikuwa anajua!"

"Basi na mimi nitajua."

Hasira ilinipanda kwa sababu alikuwa anasema kweli. Katika nyumba hii mwindaji alikuwa Lavonne. Mimi nilikuwa mtu wa kukata nyama, kuifunga kwenye karatasi na kuandika tarehe. Kiwandani nilikofanya kazi walinicheka kwa hilo miaka mingi, na kila mwaka niliwaletea soseji za kulungu wakala wakinyamaza. Lakini meza ile ndipo mahali pekee humu ndani ambapo bado namwona akiwa ameinama, penseli sikioni, kikombe cha kahawa kwenye ngazi ya tatu ili asikimwage juu ya baruti. Meza ikiondoka, kule chini patabaki ghala tu.

Trent alikubali sharti moja. Kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa, Norris Tveit angezikagua risasi zangu. Norris ni jirani aliyewinda na Lavonne tangu Trent yuko shule ya msingi, na hana tabia ya kumpaka mtu mafuta. Akisema zinafaa, meza inabaki na Trent hafungui tena mdomo. Akisema hazifai, gari la mizigo linarudi.

Kazi yenyewe ni hivi, kama umesahau. Ganda lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalipaka mafuta kidogo lisikwame, unalibana lirudi umbo lake, kisha unalitia fataki mpya ya kuwashia na baruti. Mwisho unakalisha kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Unashusha mkono wa mashine, na ndani ya kalibu inayolipokea ganda kuna kijiti cha chuma chenye kikombe kidogo kinachokisukuma kichwa kiingie. Baruti haikunishinda. Naipima kama dawa ya mtoto, na kitabu kikiwa wazi mbele yangu. Kilichonishinda ni hicho cha mwisho.

Risasi zangu kumi za kwanza hazikufanana hata mbili. Nyingine zilikuwa ndefu mno, bunduki ikakataa kufunga. Moja shingo ya ganda ilikuwa imekunjamana kama soksi. Nilizipanga mbele ya Norris naye akavua miwani.

"Orrin, hizi ni risasi au meno ya bibi yangu?"

"Bibi yako alikuwa na meno?"

"Alikuwa nayo manne, na yalilingana kuliko hizi. Usipige hata moja, bwana wee. Zibomoe."

Nilizibomoa zote, baruti nikaimwaga bustanini, nikaanza upya. Hakuna aliyeniona nikipiga teke ndoo.

Shingo ya soksi niliitatua mwenyewe, na nakuandikia kwa majivuno. Nilikuwa nimeikaza kalibu chini mno, ikawa inaubana mdomo wa ganda kabla kichwa hakijafika mahali pake. Niliipandisha mzunguko mmoja. Halafu nikakwangua kidogo makali ya ndani ya kila mdomo ili kichwa kiteleze badala ya kuchubuka. Baada ya hapo hakuna soksi tena.

Lakini urefu uligoma. Wiki tatu, shemeji! Leo ndefu, kesho fupi. Nilipima kutoka kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa, nikaandika, nikapima tena. Mwisho Norris akaniuliza, "Nati ya Lavonne iko wapi?"

"Nati gani?"

"Ile kubwa iliyotobolewa. Ilikuwa inaning'inia hapa kwenye msumari, kwa uzi mwekundu."

Niliikumbuka vizuri. Mwezi Mei nilihitaji nati ya kufungia mlango wa banda la kuku, nikaona ile inaning'inia bure. Nilimpeleka Norris nje nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Orrin! Umefungia kuku kipimo cha mke wako!"

Kumbe ncha za vichwa vile ni za madini laini ya risasi. Zinabonyea zikigusana tu ndani ya boksi, kwa hiyo anayepima kwenye ncha anajidanganya. Lavonne aliivisha nati juu ya kichwa mpaka inapogotea kwenye unene wake, akapima kutoka hapo. Miaka yote ile nilidhani ni pambo.

Niliirudisha nati, kuku nikawafungia kwa waya. Basi nati ikasema ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya zaidi. Kila kichwa kiliingia ndani zaidi kidogo kuliko kilichokitangulia, kama watu wanaoshuka ngazi. Kosa halikuwa la ncha peke yake.

"Fungua kalibu," Norris akasema. Nikaifungua. Kile kikombe cha kijiti kilikuwa kimejaa mafuta yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu, na yalikuwa yanaongezeka kila nikishusha mkono wa mashine.

"Maganda unayapaka mafuta kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini, treni?"

Shemeji, miaka thelathini na moja mimi nilikuwa mpakaji wa grisi katika kiwanda cha mbao. Minyororo, magurudumu, kila kinachozunguka kilipita mikononi mwangu, na hakuna mashine iliyowahi kukwama kwa sababu nimezidisha. Maganda ya Lavonne niliyahudumia vivyo hivyo, kwa moyo mmoja, kisha sikuyafuta. Yeye alitumia ncha ya kidole, akafuta kila ganda kwa kitambaa, na kabla ya kukalisha vichwa alikisugua kile kikombe kwa mswaki wa zamani. Nilikuwa nasimama juu ya ngazi namtania, "Mke wangu, leo tena unakipigisha chuma mswaki?" Naye bila kugeuka ananijibu, "Wewe endelea kunuka grisi huko huko juu."

Mswaki ulikuwa kwenye droo yake. Wa kijani, nywele zimelala upande mmoja. Niliushika muda mrefu kabla sijautumia.

Jana mchana walikuja Norris na Trent wote wawili. Trent aliegesha gari la mizigo kinyumenyume kabisa, tayari kupakia. Niliweka mezani risasi kumi na moja. Kumi zilikuwa zangu. Moja ilikuwa ya dada yako, kutoka boksi alilolijaza Februari akiwa tayari anahema kwa shida. Hilo sikumwambia mtu.

Norris alizipima moja moja kwa nati. Akazigeuza kwenye mwanga, akaziingiza kwenye bunduki na kuzitoa. Trent alisimama mikono kifuani. Mwisho Norris akazisukuma kumi upande mmoja, na moja akaiweka peke yake.

"Hii siyo yako."

Trent akadakia, "Ina kasoro?"

"Haina. Ni ya mama yako."

"Umejuaje?" nikamuuliza. "Si zinalingana?"

"Zinalingana, hata tofauti ya unywele hakuna." Akaipitisha puani. "Ila hii hainuki grisi."

Trent aliichukua akainusa. Kisha akainusa mojawapo ya zangu, akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Macho yake yalikuwa yamejaa. Akasema bado anaona ningehamia Boise. Nikamwambia bado naona angekuwa anapiga simu kabla ya kuja. Gari lake liliondoka tupu.

Kesho msimu unafunguliwa. Nina umri wa miaka sabini na moja na sijawahi kumpiga kulungu. Alfajiri nitapanda mlimani na Norris na bunduki ya Lavonne, na risasi zangu kumi mfukoni. Ile ya kumi na moja imerudi kwenye boksi lake, na hakuna atakayeipiga mimi nikiwa hai. Nikirudi mikono mitupu, watu wa mjini wacheke wanavyotaka. Nitakwenda tena Jumapili.

Nisalimie mumeo Colin, na binti yenu Merrin mwambie mwanawe asilelewe bila picha ya bibi yake mdogo Lavonne akiwa juu ya farasi. Norris anakusalimu. Trent naye, ingawa atakuambia mwenyewe.

Mungu awalinde ninyi na kondoo wenu, na akupe goti la kupandia vilima.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, na kumbe bado nanuka grisi,

Orrin