Tuliposimama Nangurukuru

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Bibi yako hajambo, na mikorosho imeanza kutoa maua. Umeniuliza, sasa unapojifunza udereva huko Dar, gari la wagonjwa likikukuta kwenye foleni ufanyeje.

Ujanani niliendesha lori la korosho. Siku moja pale njia panda ya Nangurukuru magari yalibanana, king'ora kikalia nyuma yangu. Enzi hizo gari la hospitali ndilo lililotuletea maiti zetu nyumbani, basi nikadhani ni msiba. Nikazima injini, nikashuka, nikainamisha kichwa na kusoma Fatiha. Madereva wenzangu nao wakashuka. Njia yote tukaiziba kwa heshima zetu.

Nesi akaja mbio, analia kwa hasira.

"Mnamsimamia nani? Mama wa watu yu hai, mtoto amekwama! Pisheni!"

Nikarukia usukani, ufunguo ukaniponyoka mara mbili. Nilipolipandisha lori kwenye majani, gari lilipita karibu kabisa, na dirishani nikauona mkono wa yule mama umeng'ang'ania chuma cha kitanda.

Mpaka leo sijui kama walifika.

Wewe sogea upesi, mjukuu wangu. Mimi nilimsomea Fatiha mtu aliyekuwa akiniomba njia.

Babu yako,
Kijijini Mitwero