Kibali cha Kwenda Kutazama Magari

Garissa, Jumatano

Kibali tumepata, lakini mume wangu bado hanisemeshi.

Tangu vita vya mashifta, wale waasi wa huku kwetu, vianze, hatoki mtu hapa bila kibali cha D.O., mkuu wa serikali hapa, na kila anayekitaka humwambia amefiwa. Mutua wangu ameshamzika mjomba aliye mzima wa afya, na leo akaanza kumlilia shangazi yake wa Nakuru. Nikamkatiza, nikamgeukia D.O. "Mzee, hakuna msiba. Tunataka kwenda Nakuru kutazama mashindano ya magari."

D.O. alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli." Akagonga muhuri.

Barabara naiogopa, sifichi. Ijumaa tutafuata lori la askari kwa mwendo wa ngamia, tukaone magari yanayokimbia.

Gauni la maua nimeshalipiga pasi. Tutalala kwa shangazi yuleyule marehemu. Ameahidi kutuchinjia kuku.